Chanjo kabla ya mashine

Mgonjwa wa figo anayeishi Karatu huijua barabara ya Arusha kona kwa kona. Huondoka alfajiri, hupita Rhotia, huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mto wa Mbu, hukunja Makuyuni, na jua likishapanda ndipo anaingia mjini. Ni takribani kilomita 140 za kwenda, na hizo hizo za kurudi. Wa Endulen au Nainokanoka, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ana safari kabla ya safari: sharti kwanza afike ukingo wa kreta, ateremke hadi lango la Lodoare, ndipo aikute lami. Wa Wasso na Loliondo huzungukia Sale na Engaresero. Anayepangiwa hospitali ya KCMC, Moshi, huongeza kama kilomita 80 juu ya hizo. Na kwa kuwa damu inatakiwa kusafishwa mara 3 kwa wiki, wengi nauli huwashinda, wakahamia kwa ndugu wanaoishi Sakina au Ngaramtoni, Arusha, au wakaanza kuruka zamu na kubaki na 2.

Habari za safari hiyo zimeshasemwa sana: nauli, bima, ng'ombe waliouzwa mmoja baada ya mwingine. Haijasemwa vya kutosha habari ya kile ambacho mgonjwa anaweza kukiokota kwenye kiti hicho hicho alichokisafiria. Virusi vitatu hupita kwa damu na vyote vitatu vimewahi kusambaa ndani ya vyumba vya kusafishia damu duniani: homa ya ini B, homa ya ini C na Virusi vya UKIMWI (VVU).

Sababu iko wazi ukikaa ukahesabu. Kila zamu mgonjwa mwenye fistula, yaani mshipa uliounganishwa na ateri mkononi, huchomwa sindano 2 nene: moja ya kutolea damu, moja ya kuirudishia. Zamu 3 kwa wiki ni zamu 156 kwa mwaka. Sindano ni 312. Kwa muda wa saa nne damu yake hutoka mwilini, kiasi cha mililita 200 hadi 400 kila dakika, ikapita kwenye mrija, ikaingia kwenye dialaiza, yaani kichujio cha kusafishia damu, ikarudi. Pembeni yake, umbali wa hatua moja au mbili, yupo mwingine, na mwingine. Wote wanahudumiwa na wauguzi wale wale, chumba kile kile, asubuhi hadi jioni. Hakuna wodi nyingine ambayo damu nyingi kiasi hicho inakaa nje ya miili ya watu wengi kiasi hicho kwa wakati mmoja.

Wagonjwa huiogopa mashine. Utasikia mtu akikataa kukaa kwenye ile iliyotumiwa na fulani. Hofu hiyo inaeleweka, lakini mara nyingi imeelekezwa pasipostahili. Damu haipiti ndani ya mashine yenyewe. Hupita kwenye mirija ya plastiki na dialaiza, na mirija hiyo hutupwa zamu ikiisha. Maji ya dawa yanayozunguka upande wa pili wa dialaiza, kama lita 120 kwa zamu moja, yametengwa na damu kwa utando wenye matundu madogo mno.

Kuna mahali pamoja tu ambapo mashine yenyewe inastahili kutazamwa kwa jicho kali, na mgonjwa anaweza kupaona akiwa ameketi. Kutoka kwenye mrija wa damu hutoka kijirija chembamba kinachochomekwa usoni mwa mashine ili ipime presha. Katikati yake pana kichujio cha duara, kidogo kuliko sarafu, cheupe. Kazi yake ni kuruhusu hewa na kuzuia damu. Presha ikipanda ghafla, damu huweza kurukia hapo na kukilowesha. Kichujio kilicholowa kinatakiwa kubadilishwa papo hapo, na fundi au muuguzi akague kama damu imevuka kuingia ndani. Kinatakiwa pia kiwe kipya kwa kila mgonjwa. Ni kitu cha bei ndogo, na ndiyo maana haishangazi kwamba ni miongoni mwa vitu vya kwanza kusahauliwa chumba kikizidiwa.

Lakini njia kuu ya virusi ni mikono na toroli. Fikiria toroli la dawa likisukumwa kutoka kiti hadi kiti kama la mchuuzi wa karanga stendi. Juu yake kuna kichupa kimoja cha heparini, dawa inayozuia damu kuganda, na humo wagonjwa 5 au 6 watapata dozi zao. Muuguzi amemaliza kumfunga mgonjwa wa kwanza, glavu zina tone ambalo hata yeye halioni. Anashika kichupa. Anamfuata wa pili. Au bomba la sindano lililokwisha kugusa mrija wa mtu linarudishwa kwenye kichupa kuongeza kidogo. Milipuko mingi ya homa ya ini C katika vituo vya kusafisha damu, vya Marekani na Ulaya vikiwemo, ilipochunguzwa ilikutwa imetokana na mambo ya namna hiyo: dawa za pamoja zilizoandaliwa pasipostahili, toroli linalozungushwa, glavu zisizobadilishwa. Ndiyo maana mwongozo wa kuzuia maambukizi unasema dawa iandaliwe chumba cha pembeni chenye meza safi, ichotwe dozi ya mtu mmoja, ipelekwe kwa mtu mmoja. Kilichokwisha kufika kwenye kiti, iwe plasta, mkasi au kifaa cha kupimia presha, kisirudi kwenye meza safi bila kutakaswa. Kisichotakasika kibaki na mgonjwa huyo au kitupwe.

Katika hivyo vitatu, kirusi cha homa ya ini B ndicho jeuri kuliko vyote. Kinaweza kukaa kwenye sehemu kavu, mkono wa kiti au kitufe cha mashine, kwa siku 7 hivi kikiwa bado na uwezo wa kuambukiza, na wala si lazima damu ionekane kwa macho. Mhudumu asiyechanjwa akijichoma sindano iliyotoka kwa mwenye VVU, hatari ya kuambukizwa ni kama asilimia 0.3, kwa homa ya ini C ni karibu asilimia 1.8, kwa homa ya ini B inaweza kufika asilimia 30. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini sheria za chumba si moja kwa virusi vyote. Mwenye homa ya ini B hupewa chumba chake, mashine yake, vifaa vyake, na muuguzi anayemhudumia zamu hiyo hatakiwi kuwahudumia pia wale wasio na kinga. Mwenye VVU au homa ya ini C hahitaji mashine ya peke yake, mradi usafi wa kila siku unafuatwa kikamilifu. Kumtenga huyo ni kumdhalilisha bila faida.

Ulimwengu ulijifunza hayo kwa gharama. Mwaka 1969 hadi 1970 homa ya ini iliingia kitengo cha figo cha Edinburgh, Uskoti, ikaua watu 11, wahudumu wa afya wakiwemo. Wakati huo Marekani nako hali ilikuwa mbaya: mwaka 1974 wagonjwa 6 hivi katika kila 100 waliokuwa kwenye mashine waliambukizwa homa ya ini B ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 1977 ukatolewa mwongozo wa kuwatenga wenye homa ya ini B, kupima kila mara, kubadili glavu, kusafisha kiti na mashine baada ya kila mtu. Kufikia mwaka 1980 maambukizi mapya yalikuwa yameshuka hadi mtu 1 katika 100. Chanjo ilikuwa bado haijaingia sokoni. Ilikuja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo anayesema kinga ni jambo la nchi tajiri, ajibiwe kwa hesabu hiyo: sehemu kubwa ya ushindi ilipatikana kwa sabuni, mlango na nidhamu.

VVU vilikuja kutoa onyo lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wagonjwa wa kituo kimoja nchini Kolombia waliambukizana, na uchunguzi ukaelekeza kidole kwenye sindano za fistula zilizokuwa zikitumiwa tena baada ya kulowekwa pamoja katika dawa hafifu ya kuua vijidudu. Misri nayo ilipata msiba wa namna hiyo, kwa mabomba ya sindano yaliyotumiwa kwa zaidi ya mtu mmoja. Hakuna mashine iliyoharibika popote kati ya hapo. Palikuwa na uhaba wa vifaa, na mtu aliyeamua kubana matumizi.

Narudi Karatu, kwa sababu hapo ndipo ninapoona jambo letu linapoteleza.

Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya homa ya ini B mwaka 2002. Maana yake ni kwamba waliozaliwa kabla ya hapo, isipokuwa wachache waliochanjwa ukubwani, hawana kinga hiyo. Sasa angalia ni nani anayekaa kwenye viti vya kusafishia damu. Ni baba wa miaka 50 wa Mbulumbulu mwenye presha ya muda mrefu. Ni mama wa Ganako ambaye kisukari kilianza na ujauzito kikakataa kuondoka. Wagonjwa wengi wa figo ni wa kizazi cha kabla ya 2002. Na wanaishi katika bara ambalo, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022, hubeba asilimia 63 ya maambukizi mapya ya homa ya ini B duniani.

Mtu atasema: basi wachanjwe wakifika kwenye mashine. Wanachanjwa, na ni lazima. Tatizo ni kwamba figo zikifa, kinga ya mwili nayo hulala. Watu wazima wenye afya wakipata dozi 3 za kawaida, zaidi ya 9 katika 10 hutengeneza kingamwili za kutosha. Mgonjwa aliye kwenye mashine hupewa dozi maradufu, mara 4, yaani mwanzoni, mwezi wa 1, wa 2 na wa 6, na bado wanaofanikiwa ni kama 6 katika 10. Miezi hiyo 6 yote anakaa kwenye kiti huku kinga yake ikiwa haijaiva. Angechanjwa miaka 2 au 3 nyuma, figo zikiwa zimechoka lakini hazijafa, angefika Arusha akiwa na ngao tayari.

Na miaka hiyo 2 au 3 nyuma alikuwa wapi? Alikuwa kwenye benchi la kliniki ya presha na sukari. Alikuwa Hospitali ya Kilutheri ya Karatu, au FAME, au Endulen, au Wasso, ameshika daftari lake, anasubiri kuitwa. Figo hazifi kwa ajali mara nyingi. Hufa polepole huku mtu akihudhuria kliniki. Utafiti wa jamii uliofanywa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa watu wazima 7 katika kila 100, na mjini idadi hiyo ilikuwa kubwa kuliko vijijini kwa mbali. Karatu inazidi kuwa mji. Siku kreatinini, kipimo cha utendaji wa figo, inaporudi juu na daktari anatikisa kichwa, ndiyo siku ya kuuliza swali lingine: "Mama, homa ya ini umewahi kupima? Chanjo je?"

Kipimo cha haraka cha homa ya ini B ni tone la damu na dakika chache. Akikutwa hana, aanze chanjo hapo hapo Karatu, bila kusubiri rufaa. Akikutwa nayo, chanjo haimsaidii, lakini kujua kunamsaidia sana: atafuatiliwa ini lake, dawa itachaguliwa kwa kuangalia figo, kwani tenofoviri ile inayofahamika kwa wenye VVU huhitaji kupunguzwa au kubadilishwa figo zikiwa mbovu, na familia yake itapimwa na kuchanjwa. Kubwa zaidi, kituo atakachokwenda kitajua mapema kwamba anahitaji chumba cha pembeni. Kituo kisicho nacho hulazimika kumwelekeza kwingine, na habari hiyo ni afadhali mtu aipate akiwa nyumbani kuliko aipate akiwa amesimama mapokezi, miguu imevimba, nauli ya kurudi hana.

Hapa kuna mtego mmoja mdogo ambao huwanasa zaidi wa mbali. Chanjo yenyewe imetengenezwa na kipande cha ganda la kirusi, kisichoambukiza. Mtu akichanjwa Jumatatu na kupimwa Alhamisi, kipande hicho kinaweza kuonekana kwenye damu na kipimo kikasema ana homa ya ini B. Hali hiyo huweza kuendelea hadi siku 18 baada ya sindano. Kwa hiyo aliyechanjwa Karatu na kupimwa Arusha wiki hiyo hiyo anaweza kubandikwa ugonjwa asio nao na kukosa kiti. Kadi ya chanjo yenye tarehe humwokoa. Kadi hiyo, majibu ya vipimo vyenye tarehe, na kiwango cha kingamwili kilichopimwa mwezi 1 au 2 baada ya dozi ya mwisho ni vitu vya kuwekwa pamoja na kadi ya bima, si chini ya godoro. Kingamwili zikishuka chini ya 10 katika kipimo cha kila mwaka, huongezwa dozi.

Nimewahi kusikia hoja kwamba watu wa huku hawafuati huduma za kinga kwa sababu ya umbali. Siikubali. Mwaka 2011 watu kutoka kila pembe ya nchi na nchi jirani walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Walilala barabarani kwa siku kadhaa, wagonjwa wa kisukari, presha na UKIMWI wakiwemo, na baadhi waliacha dawa zao. Umbali haukuwazuia. Walikwenda kwa sababu waliambiwa kwa lugha nyepesi kwamba kuna kitu huko kwa ajili yao. Habari ya chanjo ya homa ya ini kwa mwenye presha haijawahi kutangazwa hivyo hata kwa robo.

Kwa homa ya ini C chanjo haipo. Kilichopo ni tiba: vidonge vya wiki 8 hadi 12 ambavyo huponya zaidi ya watu 95 katika 100, na baadhi yake hutumika salama hata kwa aliye kwenye mashine. Kwa sababu hiyo kupima kila baada ya miezi 6 kuna maana. Anayepatikana anatibiwa, akipona chumba kizima kimepumua. Tahadhari ni kwa wanaosafiri. Aliyekwenda India kutafuta figo na kusafishwa damu huko kwa miezi, au aliyehama kati ya Moshi na Arusha kwa kufuata nafasi, anaweza kuwa ndani ya kipindi ambacho kirusi kimeingia na kipimo cha kawaida hakijakiona. Kupima mara moja akirejea hakutoshi, hurudiwa.

Njia ya damu ya kuongezewa nayo isisahauliwe, maana wagonjwa wa figo hupungukiwa damu daima. Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupima kila chupa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende, na kituo chake cha Kanda ya Kaskazini kiko Moshi. Hata hivyo chupa bora ni ile isiyohitajika: sindano za eritropoyetini, homoni inayochochea mwili kutengeneza damu, na madini ya chuma zikipatikana kwa wakati, mgonjwa huongezewa damu mara chache.

Basi mgonjwa afanye nini akishaketi? Ni rahisi kuandika kwamba aulize maswali. Mzee wa Kiiraqw wa miaka 65, aliyepokelewa na binti wa miaka 26 mwenye glavu, ambaye amemwamkia "Shikamoo babu" na kumfunika blanketi, atawezaje kumwambia glavu zako hukubadilisha? Anaona kama anamtukana aliyeshika uhai wake. Nimesikia njia moja inayofanya kazi: ndugu aliyemsindikiza ndiye anayesema, kwa utani kidogo, "Sista, babu yangu ana wasiwasi, naomba glavu mpya atulie." Muuguzi mzuri haudhiki. Wapo wauguzi ambao wenyewe huvua glavu na kunawa mbele ya mgonjwa, makusudi, wakihakikisha anaona. Hao hawangoji kuulizwa. Baina ya zamu, kiti na mashine vifutwe kwa dawa ya klorini na viachwe vikauke. Kipimo kinachofahamika hospitalini kwetu ni asilimia 0.5, yaani jiki ya asilimia 3.5 sehemu 1 kwa maji sehemu 6. Zamu zinapobanana, dakika hizo za kukauka ndizo huibwa kwanza.

Wauguzi nao wana haki. Muuguzi wa kitengo hiki asiyechanjwa homa ya ini B hatakiwi kushika sindano hata siku moja. Akijichoma, aripoti saa hiyo hiyo bila kuogopa karipio. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, mapema zaidi ndiyo bora. Na idadi ya viti anavyopewa mmoja ni suala la kinga kama ilivyo klorini. Anayehangaika na wagonjwa 6 kengele zikilia huku na huku hatanawa mikono kati ya kila mmoja, umfundishe usimfundishe.

Mwelekeo wa nchi ni kusogeza mashine karibu na watu, na watu wa Karatu na Ngorongoro wana haki ya kudai karibu zaidi. Watakaochora kitengo cha ukanda huu watalazimika kuanza na maji, kwa kuwa maji ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, ile inayowaachia wenyeji wengi meno ya kahawia, na floridi ikiingia kwenye damu kupitia dialaiza inaweza kuua. Chicago ilizika wagonjwa 3 mwaka 1993 kwa mtambo wa maji ulioshindwa kazi. Mtambo wa kuchuja utanunuliwa tu, maana bila huo hakuna atakayethubutu kuwasha mashine. Wasiwasi wangu uko kwenye vitu ambavyo kitengo kinaweza kufunguliwa bila kuwa navyo na utepe ukakatwa na picha zikapigwa: chumba cha pembeni chenye mlango wake, meza ya dawa iliyo mbali na viti, na sinki la kunawia ambalo muuguzi analifikia bila kuvuka wodi nzima. Vitu hivyo huwekwa kwenye ramani kabla msingi haujachimbwa, au havipatikani kabisa.